Dakika Saba za Kaka Thabiti

Mzee Zuberi Chilumba wa Likombe, mtaa wa mjini Mtwara, alikuwa amestaafu kwa miaka kumi na miwili, lakini posta haikuwa imemtoka. Kwa miaka thelathini na mmoja alipokea na kutuma telegramu katika vituo vya kusini, na kazi ile ilimwachia tabia ambazo mkewe, Hafsa, alizizoea kama mtu anavyozoea mlango unaolia. Barua ikifika nyumbani, aliandika nyuma ya bahasha siku na saa iliyofika. Akiitwa kutoka barabarani, aliitika kwanza ndipo akauliza nani anayemwita. Na salamu zilizopitishwa kwake alizifikisha neno kwa neno, hata zile ambazo mwenyewe aliyezituma angependa zipunguzwe makali.

"Baba Sudi, wifi alikuwa anatania aliposema kupika sijui," Hafsa alimlaumu siku moja. "Kulikuwa na haja gani ya kuniletea na hilo?"

"Mimi siongezi, sipunguzi," alijibu Zuberi.

Kompyuta aliletewa na mwanawe Sudi, aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam. Ilikuwa kompyuta kuukuu ya ofisini, ikasafiri kwa lori ikiwa imeviringishwa blanketi. Sudi alipokuja likizo aliiunganisha na waya wa simu ya mezani, akamfundisha baba yake kuingia katika intaneti, kusoma barua pepe na kupakua faili. Hatua zote aliziandika katika daftari, kuanzia moja hadi tisa. Zuberi alizihifadhi kama alivyohifadhi nukta na vistari vya telegramu ujanani mwake, kisha akalirudisha daftari kabatini. Hafsa aliifunikia mashine kitambaa alichofuma mwenyewe, na simu, ambayo zamani ilikaa chumba kimoja na mashine hiyo, akaihamishia sebuleni, ikiwa kwenye laini ileile, ili wageni waione.

Mwaka ule, 2006, watoto walichanga, na jina la Zuberi likaingia katika orodha ya mahujaji. Safari ya kutoka Mtwara ilipangwa Jumapili ya pili ya Desemba.

Mtu anayekwenda kuhiji hutaka radhi. Haendi kwenye Nyumba ya Mungu na vinyongo vya watu vikimning'inia mabegani. Zuberi aliifanya kazi hiyo kwa utaratibu wa kiofisi, nyumba kwa nyumba, mchana, akiwa amevaa kanzu na viatu vilivyopigwa rangi. Kwa jirani yake Abdallah alikwenda kuomba radhi kwa kumshuku, miaka mingi nyuma, kwamba alimchinja mbuzi wake.

Abdallah alimsikiliza mpaka mwisho, akakohoa.

"Zuberi, mbuzi yule nilimla."

"Ulimla?"

"Na utumbo nikala. Sasa wewe uniwie radhi mimi, halafu mimi nikuwie radhi kwa kunishuku. Ingawa ulishuku sawasawa."

Walicheka mpaka Abdallah akaegemea ukuta. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila mahali, huku kicheko, huku machozi kidogo, kisha kikombe cha chai. Majina yote yakaisha, likabaki moja. Nalo lilikuwa la kaka yake wa tumbo moja, Thabiti.

Walikuwa hawajasemezana kwa miaka ishirini na minane.

Mwaka 1978, wakati wa masika, Zuberi alikuwa karani katika kituo kidogo cha bara, juu ya uwanda wa Makonde. Thabiti alikuja kukaa naye wiki mbili, akinunua mihogo mikavu ya kwenda kuuza. Mkewe Thabiti, Asia, alikuwa Lindi kwa wazazi wake, akisubiri kujifungua. Jioni moja ofisi ikiwa imeshafungwa na tarishi ameshakwenda kwao, mashine ililia. Zuberi akaipokea telegramu. Ilikuwa ya Thabiti Chilumba. Asia alikuwa amefariki kabla ya kujifungua, na mazishi yalikuwa kesho saa nne.

Sheria ya kazi ilikuwa moja. Karani ameapa. Alichokipokea hakitoki kinywani mwake. Kinatiwa katika bahasha, kinapelekwa na tarishi, na mwenyewe anatia sahihi. Zuberi alikuwa na miaka kumi na mitano kazini, na kiapo kile alikishika kama msahafu. Alihesabu maneno, akayakuta kumi na manane, sawa na yaliyotajwa juu ya karatasi. Akafunga bahasha, akaiweka katika kishubaka cha asubuhi, akaenda nyumbani. Akanawa mikono, akala ugali sahani moja na kaka yake. Na baada ya chakula lori la mihogo liliondoka kwenda Lindi bila Thabiti.

Asubuhi tarishi alileta bahasha. Thabiti alifika Lindi kaburi likiwa limeshakauka juu. Alirudi mara moja tu, kuchukua magunia yake, na maneno aliyomwachia mdogo wake yalikuwa machache. "Ulimega tonge na mimi, Zuberi. Ulimega huku unajua." Kisha akavuka Ruvuma, akaenda zake Msumbiji, akashuka mpaka upande wa Nampula. Akaoa huko, akalima huko.

Zuberi hakuwahi kumwambia mtu kwamba usiku ule alilala. Hilo ndilo lililomsumbua kuliko yote. Alilala fofofo, kama mtu aliyefanya kazi yake vizuri.

Kijana wa Thabiti aliyezaliwa hukohuko, Suleimani, alifanya kazi katika ofisi ya misaada mjini Nampula, naye ndiye aliyekuwa daraja lililobaki. Zuberi alimwandikia barua pepe ndefu, akimwomba aifikishe kwa baba yake shambani, mwendo wa siku nzima kutoka mjini, mahali ambapo simu haikamati. Hakujitetea. Alieleza kosa lake, akaomba radhi, akaomba jibu kabla ya safari.

Jibu la Suleimani lilikuja baada ya wiki mbili.

"Baba mdogo, shikamoo. Mzee nimemsomea barua yako mara mbili. Kalamu ameikataa. Amesema atasema kwa mdomo. Nimeazima kinasa sauti cha ofisi, nikamwashia, akanitoa nje, akasema peke yake dakika ishirini. Mimi sijasikia hata neno. Ameniapisha nisisikilize, na amesema ukishaipata tu niifute kila mahali, isibaki kwa mtu. Ni kubwa, haiingii katika barua pepe, kwa hiyo nimeiweka katika tovuti. Tovuti itakutumia kiungo. Ukiipata nijulishe."

Kiungo kilifika Alhamisi asubuhi, siku kumi kabla ya safari. Ulikuwa ujumbe wa Kiingereza wenye picha na matangazo, na juu kabisa palikuwa na tarakimu, 11.6, zikifuatiwa na herufi mbili. Zuberi alizichukulia kuwa tangazo nazo. Akashuka moja kwa moja hadi kwenye maandishi ya bluu, akabofya. Kijisanduku kikatokea, na vikaratasi vikaanza kuruka kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Akaketi, mikono magotini, akitazama.

Sebuleni, Hafsa alikumbuka kwamba mwuza vitambaa hajaleta shuka za ihramu. Akainua simu ampigie. Sikioni akasikia mchakacho kama wa samaki akitiwa kwenye mafuta ya moto. Akairudisha mahali pake, akaenda jikoni.

Chumbani, kijisanduku kilijifunga chenyewe. Kwenye skrini kukabaki alama ndogo ya faili, na jina chini yake: THABITI. Pembeni, alama ya simu ilionyesha kwamba laini imekatika.

Zuberi hakuona ajabu. Katika kazi yake, ujumbe unapokwisha, aliyetuma huiachia laini. Laini ikiachiwa, maana yake ni kwamba maneno yamekwisha. Sudi alimtisha kwamba faili la namna hiyo huchukua saa nzima, na hili lilikuwa limechukua dakika ishirini. Aliona ni neema. Basi akafanya lile ambalo mkono wake uliujua kabla ya akili, kwa sababu anayesubiri upande wa pili hasubirishwi. Akaingia tena katika mtandao, akamwandikia Suleimani: "Imefika. Ahsante. Zuberi."

Dakika tano baadaye umeme ukaondoka. Siku zile ulikuwa wa zamu, na zamu ya Likombe ilikuwa imekwisha.

Ulirudi Ijumaa alasiri. Zuberi alikuwa ameshasali, ameshaoga, amevaa kanzu. Akamwita Hafsa, wakaketi mbele ya mashine kama watu waliokwenda kumwona mgonjwa. Akabofya.

"Zuberi," sauti ikasema.

Hafsa akashika mdomo. Sauti ilikuwa imezeeka, lakini ilikuwa ya Thabiti, na ule mkwaruzo wake wa Kimakonde ambao miaka yote ya kukaa ugenini haikuupiga randa.

"Zuberi, mtoto wa mama. Nimewekewa kidude hapa, nakitazama, kinanitazama. Suleimani anasema niseme tu. Haya. Mimi mzima. Goti la kushoto ndilo linaloniita mzee. Mikorosho mwaka huu imebeba, ila ngedere nao wana watoto wa kulisha. Wewe bado unavaa vile viatu vyako vya serikali? Unavaa. Nakujua. Utavivua Makka kwa amri ya Mungu, maana kwa amri ya mtu huvui."

Akacheka. Zuberi naye akacheka, huku machozi yakimtoka.

Sauti ikaendelea. Ikataja wajukuu kwa majina. Ikaeleza mvua. Thabiti siku zote alikuwa mtu wa kuzunguka nyumba mara tatu kabla ya kubisha hodi. Kisha akabisha hodi.

"Sasa. Barua yako nimesomewa. Ile siku naikumbuka kuliko unavyoikumbuka wewe. Tulikula ugali na kisamvu. Mimi nikatoka nje. Lile lori la mihogo lilikuwa linapakia. Nikamwambia dereva, aisee, mnaondoka saa"

Kimya.

Wakasubiri. Zuberi alidhani kaka yake amenyamaza kwa uchungu. Akasubiri kwa adabu. Kisha akaona kijistari kinachofuata sauti kwenye skrini kimesimama mwisho wa njia yake.

Akaanza upya. "Mnaondoka saa," na kimya. Akaziondoa spika, akapuliza vumbi, akazichomeka tena. "Mnaondoka saa." Akaizima mashine, akaiwasha. Akavuta kabati, akatoa daftari la Sudi, akasoma hatua zote tisa kwa sauti. Hatua ya tisa ilikuwa "fungua faili". Ya kumi haikuwepo.

"Labda kidude kiliishiwa betri," alisema Hafsa.

"Labda."

Akarudi kwenye kiungo, alipakue faili upya. Ukurasa ukafunguka taratibu, na badala ya maandishi ya bluu palikuwa na sentensi moja ya Kiingereza. Aliisoma mara tatu, ingawa aliielewa mara ya kwanza. Faili hilo halipo. Limeondolewa na mwenyewe.

Jumamosi alikwenda kumtafuta Sabina, dada mmoja aliyekuwa na duka la intaneti karibu na soko. Wastaafu wa mjini walimjua, kwa kuwa hakuwacheka. Alifunga duka adhuhuri, akaja Likombe na mkoba wake.

"Shikamoo babu. Shikamoo mama. Mgonjwa yuko wapi?"

"Marahaba. Huyo hapo," Zuberi alisema. "Faili limeharibika."

Sabina aliketi. Alisikiliza mwisho tu wa sauti, mara mbili, kisha akafungua kwa programu nyingine, kisha kwa nyingine. Kila moja ilifika mahali palepale ikasimama. Akalibofya faili kwa kitufe cha kulia, akafungua kijidirisha chenye maelezo.

"Babu, hili halijaharibika. Lingeharibika lingekwaruza, au lingekataa kufunguka. Hili ni zima mpaka hapo. Halijafika tu."

"Limefika. Kijisanduku kilijifunga chenyewe."

"Hujifunga hivyo hata laini ikikatika katikati. Mashine hizi za zamani zikiona maji hayatoki, zinadhani ndoo imejaa. Tazama hapa, ukubwa wake ni nne nukta mbili. Aliyetuma alituma ngapi?"

Zuberi alifungua ule ujumbe wa tovuti wenye matangazo, akauonyesha kwa kidole. Kumi na moja nukta sita, juu kabisa, kabla ya neno lolote.

Alizitazama zile tarakimu. Hesabu ya maneno. Ilikuwa palepale ilipokuwa ikikaa miaka yote, juu ya karatasi, mahali ambapo hata karani wa wiki moja huangalia kwanza. Katika miaka thelathini na mmoja hakuwahi kutia sahihi telegramu bila kuhesabu. Telegramu za bei za korosho alizihesabu. Telegramu za watu asiowajua, wakipongezana harusi, alizihesabu.

"Theluthi moja na kidogo," alisema Sabina polepole. "Nani alikata laini?"

Hafsa alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Chai ikaanza kumwagika kwenye sinia.

"Alhamisi asubuhi," alisema, "mimi niliinua simu. Nilitaka kumpigia mwuza vitambaa. Nikasikia kama mafuta, nikaiweka. Baba Sudi, sikujua."

"Hukujua," Zuberi alisema. "Weka sinia, Mama Sudi, utaungua."

Sabina alifanya yote aliyoyajua. Aliingia katika lile kabati la ndani ambako mashine hutunza masalia ya vitu ilivyopakua, akapekua moja moja. Alikuta picha za matangazo, alikuta barua ya Sudi ya Februari, alikuta mabaki ya faili lenyewe, nayo yalikuwa nne nukta mbili. Akajaribu kiungo kwa njia tatu. Akauliza kama Suleimani anayo nakala.

Zuberi alikuwa anaijua amri ya kaka yake, lakini walipiga simu. Suleimani aliipokea akiwa na furaha.

"Baba mdogo! Umeisikia? Mzee amekwambiaje?"

"Suleimani, mwanangu. Ile sauti unayo?"

"Nimefuta palepale uliponijibu. Kwenye tovuti, kwenye kompyuta ya ofisi, na kinasa sauti nimekifuta nikakirudisha. Si ndivyo alivyoagiza? Mbona, imekuwaje?"

"Imefika theluthi."

"Lakini uliniandikia..."

"Niliandika."

Suleimani alikuwa kijana mwema. Alisema Jumatatu ataomba ruhusa aende shambani, na Ijumaa atakuwa amerudi mjini. Sabina alifunga mkoba wake, akakataa nauli, akakataa chai. Mlangoni akageuka. "Babu, samahani. Nikipata kinachoweza kurudisha ambacho hakijafika, utakuwa wa kwanza kujua. Ila sijawahi kukiona."

Siku zilizofuata mume na mke walisikiliza zile dakika saba kila umeme ulipokuwepo. Mwanzoni walisikiliza kwa mapenzi. Baadaye walisikiliza kama wapelelezi.

"Amekuita mtoto wa mama," alisema Hafsa. "Mtu mwenye kinyongo hasemi hivyo."

"Alikuwa akiniita hivyo hata akinichapa."

"Amecheka."

"Thabiti hucheka akifurahi na hucheka akikasirika. Siku alipompiga mwizi wa kuku alikuwa anacheka."

"Amesema naikumbuka kuliko wewe. Hilo ndilo silipendi."

"Mimi pia silipendi."

"Lakini asingepoteza dakika saba kwa ngedere kama alitaka kukulaani."

Zuberi alilifikiria hilo. Lilikuwa neno zuri, na alilishika Jumatatu nzima. Jumanne aliliachia, kwani alikumbuka kwamba Thabiti, alipokuja kuchukua magunia yake mwaka ule, alianza kwa kuulizia hali ya hewa.

Dakika kumi na tatu zilikuwa mahali fulani zilipokuwa. Zilikuwa zimesemwa kwa sauti, na mtu mwenye akili timamu, zikapita nyaya na minara mpaka zikaukaribia mlango wa Likombe. Kitu kilichomwelemea Zuberi ni kwamba jibu lilikuwepo. Kaka yake hakumnyima. Alipewa, akatia sahihi kwamba amepokea, na mkono wake ulikuwa mtupu.

Alimwendea mwalimu wa madrasa, mtu wa rika la mwanawe, akamweleza. Mwalimu alimsikiliza vizuri. Akasema kwamba aliyetaka radhi kwa moyo wake wote ametimiza la kwake, na Mungu anajua lililosemwa katika zile dakika kumi na tatu.

"Mungu anajua," alikubali Zuberi. "Thabiti anajua. Mimi ndiye nisiyejua, mwalimu. Na ni mimi ninayesafiri."

Mwalimu akamwombea dua.

Kwenda Nampula kulikuwa nje ya uwezo. Aliwaza hilo pia, usidhani hakuliwaza. Ramani aliijua: Kilambo mpaka mtoni, kuvuka, kisha barabara ya mchanga na matope mpaka kwenye lami, na baada ya hapo siku mbili au tatu za mabasi. Mvua zilikuwa zimeanza. Angekwenda, asingerudi kabla ya Jumapili, na nafasi ya hija haimngoji mtu. Alipomdokeza Sudi kwa simu kwamba labda aahirishe mwaka, Sudi hakukubali.

"Baba," alisema kwa sauti ya mtu anayejitahidi kuwa na heshima, "sisi watoto wako tumeliwaza hili miaka minne. Una sukari, una miaka sitini na sita. Baba mkubwa angetaka ukae?"

"Hilo nalo sijui," alijibu Zuberi, na safari ikabaki palepale.

Ijumaa jioni simu ililia. Hafsa aliikimbilia, kisha akaogopa kuigusa, akasimama kando mpaka mumewe akaja.

"Nimefika, nimerudi," alisema Suleimani. Alikuwa amechoka, na nyuma yake watu walikuwa wakizungumza Kireno. "Nilimkuta anapalilia. Nikamwambia, baba, sauti haikufika yote, ilikatika."

"Akasemaje?"

"Hakuniamini. Alisema, 'Zuberi ameandika imefika?' Nikasema ndiyo. Akasema, 'Basi imefika. Mdogo wangu hakosei hesabu.' Nikamwambia mashine ndiyo iliyomdanganya. Akanicheka. Akadhani ni wewe uliyenituma niseme hivyo kwa kuwa ulichokisikia hukukipenda."

Hilo Zuberi hakuwa amelifikiria.

"Nikamwomba, baba, basi niambie neno moja tu nimpelekee. Ndiyo au hapana. Akasimamisha jembe. Akasema, maneno yale aliyasema peke yake, mlango umefungwa, yakamtoa jasho, akalala siku mbili. Hayasemi mara ya pili, na hayampi mtoto wake abebe. Baba mdogo, nilikaa siku nzima. Nilimsihi mpaka mama akaniambia niache. Asubuhi wakati naondoka alinipa mfuko wa korosho nikuletee. Sijui ni wa nini. Labda ni korosho tu."

"Uso wake ulikuwaje?"

"Ulikuwa uso wake wa kila siku, baba mdogo."

Jumapili asubuhi watu walijaa uani. Gari la kumpeleka stendi lilikuwa limeegeshwa chini ya ukuta, mlango wazi. Zuberi alitoka na kanzu mpya, akasimama barazani, na kama ilivyo desturi akawaomba wote kwa pamoja radhi, aliowakosea akijua na aliowakosea asijue. Wakaitikia kwa sauti moja kwamba wamemwia radhi. Wanawake walikuwa wakijipangusa macho kwa ncha za kanga. Ingekwisha hapo. Lakini Abdallah, ambaye mdomo wake haukuwahi kuwa na kitasa, aliuliza kutoka upande wa pili wa ua, na aliuliza kwa wema, akitaka watu wote washangilie.

"Na kaka Thabiti je? Tumesikia amekuletea jibu kwa kompyuta! Amekupa?"

Ua mzima ukageuka. Habari ya jibu la kompyuta ilikuwa imezunguka Likombe yote, maana Zuberi mwenyewe, ile Alhamisi, alimwambia kila aliyepita. Hafsa alimtazama mumewe. Mtu angeweza kusema "Alhamdulillahi" na watu wangeitikia na kumwombea safari njema. Isingekuwa uongo wa moja kwa moja.

"Alinijibu," alisema Zuberi. "Alisema dakika ishirini. Zilizonifikia ni saba, na katika hizo saba hakuna."

"Hakuna nini?"

"Hakuna jibu. Liko katika zile nyingine. Mimi niliandika imefika kabla sijaangalia, naye akafuta, na harudii."

"Kwa hiyo amekuwia radhi au hakukuwia?"

"Sijui, Abdallah."

Mwalimu wa madrasa akasoma Fatiha. Watu wakainua mikono, wakaitikia amina. Abdallah akalichukua begi la Zuberi kutoka mkononi mwa Hafsa, akalipeleka garini.